Ukimuuzia Mchina mzigo, malizaneni kila kitu kabla mlango wa kontena haujafungwa

Mleta uzi

Wakuu, heshima kwenu.

Nauza ufuta kwa wanunuzi wa China, na kila wiki napokea swali lile lile: "Mkuu, nimepata Mchina anataka kontena tano, nianzie wapi?" Nimekuwa nikijibu kwa vipande vipande, na wakati huohuo naona watu wanapoteza mitaji kwa makosa ambayo mimi mwenyewe niliyafanya. Leo nayaweka yote hapa.

Ninachokiamini ni hiki: nguvu ya muuzaji iko ghalani. Mzigo ukiwa bado kwako, mnunuzi ndiye anayekupigia simu usiku na mchana. Kontena likishapanda meli, wewe ndiye unayempigia, naye anapokea akijisikia. Kwa hiyo ubora, uzito, malipo, makaratasi, yote mbishane mpaka mchoke kabla mlango haujafungwa.

Kontena langu la kwanza lilibeba tani 19, magunia 380 ya kilo 50, kwenda bandari ya Qingdao. Tulikubaliana asilimia 30 advansi, na 70 akishaona nakala ya hati ya shehena, ile tunayoiita BL, ambayo halisi yake ndiyo inayotoa mzigo bandarini. Mkataba ulikuwa ukurasa mmoja. Kwenye ubora uliandika "ufuta safi, unyevu usiozidi asilimia 6". Nani atapima, atapimia wapi, na nani atakuwa na neno la mwisho, haukusema. Mimi niliona umejitosheleza.

Meli ikiwa baharini, bei ya ufuta China ikashuka. Nikatuma nakala ya BL, kimya. Siku ya tatu akaniambia mhasibu yuko safarini. Wiki ya pili akasema benki yao inafanya ukaguzi. Meli ikatia nanga, ndipo nikapokea picha kwenye WeChat: kiganja cha mtu kimefunguliwa, juu yake punje za ufuta, saba au nane zimeiva weusi, na kijiti kimoja. Chini yake ujumbe wa mstari mmoja uliotafsiriwa na programu, akitaka nipunguze dola 120 kwa kila tani.

Wakuu, ule haukuwa ufuta wangu. Kontena langu lilikuwa limefungwa, sili haijaguswa, na BL halisi ninazo mimi mezani. Mwenyewe alikiri kwamba picha ilikuwa ya mzigo wa mtu mwingine wa msimu uleule, akasema "na wako utakuwa hivihivi". Sikuwa na cha kumjibu. Sikuwa na sampuli iliyofungwa kwa sili, sikuwa na ripoti ya mkaguzi, nilikuwa na neno langu tu. Huku storeji (ada ya mzigo kukaa bandarini) na demareji (ada ya kuchelewesha kontena la watu) zinahesabiwa kila siku. Siku ya tisa nilikubali. Dola 120 mara tani 19 ni dola 2,280, na hapo sijahesabu gharama za bandari, ambazo pia aliniachia mimi.

Kwa nini nilikubali? Kwa sababu mzigo uliokwama kwenye bandari ya China una saa inayogonga. Kwa sheria ya forodha yao, mpokeaji ana siku 14 za kutoa tamko la forodha tangu chombo kitangazwe kuingia. Zikipita, kuna tozo ya kuchelewa ya asilimia 0.05 ya thamani ya mzigo kwa kila siku. Ikipita miezi mitatu bila tamko, forodha ina mamlaka ya kuuza mzigo. Mnunuzi mzoefu anaijua kalenda hiyo kwa moyo, na anajua kwamba wewe hujui hata jirani mmoja pale bandarini.

Mkataba wangu wa pili ulikuwa na kurasa sita. Uliandika unyevu, usafi, kiasi cha punje za rangi nyingine, na asidi ya mafuta, kila kimoja kwa namba na njia ya kupimia. Ukataja kampuni huru ya ukaguzi itakayochukua sampuli wakati wa kupakia, na kwamba ripoti yake ndiyo ya mwisho kwa uzito na ubora. Sampuli zilifungwa tatu: moja kwangu, moja kwa mkaguzi, moja ikaenda kwa mnunuzi kwa ndege. Kila mfuko una sili yenye namba, na namba hizo zimo kwenye ripoti.

Hapo kwenye "ripoti ya mwisho" ndipo penye vita. Wanunuzi wengi wa China watakuletea mkataba uliokwisha kuandikwa "CIQ final". CIQ ni jina la idara ya ukaguzi na karantini, ambayo mwaka 2018 iliunganishwa na forodha, lakini wafanyabiashara bado wanalitumia jina la zamani. Maana yake ni kwamba kipimo kitakachohesabika ni kile cha kwao, baada ya mzigo kukaa baharini wiki nne au zaidi. Ukisaini hivyo umemkabidhi kisu na mpini. Ukaguzi wa kiserikali wa kule utafanyika tu, huwezi kuuzuia, na mzigo ukikutwa na wadudu hai au sumu utakataliwa. Lakini bei isitegemee kipimo hicho. Mimi nilikubaliana na wangu kwamba ripoti ya kupakia ndiyo inayoamua bei, na upungufu wa uzito usiozidi asilimia 0.5 kule hauleti madai. Alibisha siku nne. Nikamwachia abishe, mzigo ulikuwa ghalani kwangu.

Nawasilisha. Maswali karibuni.

Mdau wa pili

Mkuu umemwaga darasa. Swali langu ni la kabla ya hapo kabisa. Huyu mtu nimekutana naye mtandaoni, ana kadi nzuri, ana tovuti, anaandika kwa adabu. Nitajuaje kwamba ni kampuni ya kweli?

Mleta uzi

Ndugu yangu, kadi na tovuti weka pembeni. Mwombe nakala ya leseni yake ya biashara, yenye jina la kampuni kwa maandishi ya Kichina. Jina la Kiingereza analokuandikia halina uzito kisheria kule, anaweza kulibadilisha kesho. Kwenye leseni kuna namba ya utambulisho yenye tarakimu na herufi 18. Hiyo unaiingiza kwenye mfumo wa taifa wa taarifa za kampuni, uko wazi kwa umma na ni bure. Utaona kampuni ilisajiliwa lini, mwakilishi wake kisheria ni nani, inaruhusiwa kufanya biashara gani, na kama imewekwa kwenye orodha ya wenye kasoro. Namba ikianza na 91 ni kampuni. Ikianza na 92 ni mfanyabiashara binafsi mdogo, na huyo akikuambia anataka kontena tano kwa mwezi, muulize maswali zaidi.

Kisha linganisha. Jina la Kichina kwenye leseni, kwenye mhuri wa mkataba na kwenye akaunti itakayokulipa liwe moja, herufi kwa herufi. Mhuri wa kampuni za China ni wa duara, mwekundu, una nyota katikati, na jina limezunguka ukingoni. Kule mhuri ndio unaoifunga kampuni kuliko sahihi ya mtu.

Mdau wa tatu

Niongezee nyama hapo, nimefanya kazi ya ukalimani Guangzhou na Yiwu kwa muda. Mambo mawili.

La kwanza, akikwambia malipo yatatoka kwa "kampuni ya rafiki" iliyoko Hong Kong, usikubali kwa mdomo. Iandikwe kwenye mkataba nani atalipa na kwa niaba ya nani, maana benki yako itakuuliza hela hii inatoka kwa nani na inahusiana vipi na ankara yako, na ukikosa jibu inaweza kurudishwa. Kuna wengine watataka kulipa kutoka akaunti ya mtu binafsi. China ina udhibiti wa fedha za kigeni, raia mmoja mmoja ana kikomo cha dola 50,000 kwa mwaka, na kikomo hicho si cha kulipia biashara ya makontena. Mkianza hivyo mmejenga nyumba kwenye mchanga.

La pili ni kwa wageni kabisa. Ukipata kampuni inayokubali bei yako bila kubishana hata senti, haijauliza sampuli, kisha inakualika uende China mara moja kusaini mkataba mkubwa, kaa chini ufikiri. Ukifika utaambiwa kuna ada ya mthibitishaji wa mkataba na mgawane nusu kwa nusu. Utaambiwa mkurugenzi anahitaji zawadi, sigara za bei na pombe za bei, na karamu ya kusherehekea unalipa wewe. Ukishalipa hivyo, oda inayeyuka. Wanachofuata ni zile ada na zawadi, mzigo wako hawana habari nao. Nimeshaketi kwenye meza kama hiyo nikitafsiri, nikaona baba mtu mzima anahesabu noti za mwisho kwenye bahasha. Sikurudi tena kufanya kazi na watu wale.

Mdau wa nne

Samahani wakuu, mimi nina barua ya mwaliko wa namna hiyohiyo kwenye simu yangu sasa hivi. Oda ya asali na korosho. Wameandika nije ndani ya siku kumi.

Mdau wa tatu

Dada, waombe hiyo leseni aliyoisema mleta uzi, na uwaambie mkataba utasainiwa kwa barua pepe na mhuri, sampuli utawatumia wao wakilipia usafirishaji. Mnunuzi wa kweli anatumiwa sampuli kila wiki na hilo halimsumbui. Usikate tiketi kabla ya majibu.

Mleta uzi

Dada, naunga mkono kila neno. Na kuna jambo jingine kwenye oda yako litakalokupa jibu haraka: jiulize kama wamewahi kukuuliza namba yako ya usajili wa forodha ya China. Tangu 1 Januari 2022, viwanda na maghala ya nje yanayopeleka chakula China lazima yasajiliwe na mamlaka ya forodha ya nchi hiyo, GACC. Yapo makundi ambayo usajili wake ulitakiwa upitie mamlaka husika ya nchi yako, yaani hiyo ndiyo ipeleke jina, na humo zimo bidhaa za nyuki, mbegu za mafuta kama ufuta, karanga na jamii yake, pamoja na kahawa ambayo haijakaangwa. Mnunuzi wa asali ambaye hajawahi kuutaja usajili huo ama hajawahi kuingiza asali, ama hana mpango wa kuiingiza.

Zaidi ya usajili wa ghala kuna ruhusa ya zao lenyewe kutoka nchi yako. Mazao mabichi hayaingii China kwa sababu tu kuna mtu anayataka. Nchi mbili zinakaa, zinasaini itifaki, na itifaki inataja wadudu wanaohofiwa na matibabu yake. Parachichi mbichi za Kenya zilianza kuingia mwaka 2022 baada ya kazi hiyo, na mashamba pamoja na vituo vya kufungashia vinatakiwa viwe kwenye orodha iliyoidhinishwa. Jirani yako kuruhusiwa hakukuruhusu wewe. Nenda kwenye mamlaka ya afya ya mimea ya nchi yako, waulize: zao hili, kwenda China, liko kwenye itifaki? Masharti haya hubadilishwa, kwa hiyo tazama orodha ya sasa, usitegemee makaratasi ya msimu uliopita.

Mdau wa tano

Mkuu, nilisikia China imefuta ushuru kwa Afrika. Sasa mbona mnunuzi wangu bado analalamika kodi na kunikata bei?

Mleta uzi

Ni kweli kwa sehemu. Tangu 1 Desemba 2024 China inatoza ushuru sifuri kwa bidhaa zote za nchi maskini zaidi zenye uhusiano wa kidiplomasia nayo, 33 kati ya hizo ziko Afrika. Juni 2025 ikatangaza nia ya kuupanua msamaha huo hadi nchi 53 za Afrika. Lakini kilichofutwa ni ushuru wa forodha. Kodi yao ya ongezeko la thamani bado ipo, kwa kawaida asilimia 9 kwa mazao ya kilimo na 13 kwa bidhaa nyingine nyingi. Na hata huo ushuru sifuri hauji wenyewe, unakuja na cheti cha uasili wa bidhaa kilichojazwa sawasawa. Ukikosea namba ya bidhaa kwenye cheti, mnunuzi analipa ushuru kamili na atakudai wewe. Tumia nafasi hiyo kwenye bei pia. Kama nchi yako imo na cheti unakitoa, mwambie wazi kwamba nafuu ile inatokana na karatasi yako, na mgawane.

Mdau wa pili

Turudi kwenye malipo mkuu. Benki yangu inanishauri LC, mnunuzi anataka tulipane "makaratasi kwa hela". Ipi salama?

Mleta uzi

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wengi wanapopigwa.

LC ni ahadi ya benki ya mnunuzi kukulipa ukileta makaratasi yaliyotajwa, yakiwa sawa. Inaongozwa na kanuni za UCP 600, zilizoanza Julai 2007. Elewa vizuri: benki haiutazami ufuta, inatazama karatasi. Ufuta wako unaweza kuwa dhahabu, lakini jina la kampuni likikosa neno moja kwenye ankara, hiyo ni hitilafu na malipo yanasimama. Benki ina siku 5 za kazi kukagua. Wewe una siku 21 baada ya kupakia kuwasilisha, au pungufu kama LC yenyewe imesema hivyo. Rasimu ya LC omba uione kabla haijafunguliwa, ukae na mtu wa benki yako msome mstari kwa mstari. Tafuta sumu moja hasa: kipengele kinachotaka cheti cha ukaguzi kilichosainiwa na mnunuzi mwenyewe au mtu wake. Kikiwepo, LC yako ni ahadi ya mnunuzi iliyovaa koti la benki, maana asipotaka kusaini hulipwi. Kataa.

"Makaratasi kwa hela" ni kwamba benki yako inatuma makaratasi kwa benki yake, naye analipa ndipo akabidhiwe. Benki haiahidi chochote, inabeba tu. Akikataa kulipa, karatasi zitarudi lakini mzigo uko Qingdao. Ninaikubali njia hii kwa sharti moja: advansi iwe kubwa kuliko hasara nitakayopata akiniacha bandarini. Piga hesabu ya nauli ya kurudisha mzigo au kuuza kwa hasara palepale, ongeza demareji na bei kushuka, utapata namba. Asilimia 30 niliyopokea mimi ilikuwa haitoshi. Kuna ndugu yake, ile ambayo mnunuzi anasaini tu kwamba atalipa baada ya siku 60 kisha anapewa makaratasi. Kwa mtu usiyemjua, hiyo ni kumkopesha mzigo wako.

Na jamani, picha ya slipu ya benki si hela. Hela ni ile iliyosoma kwenye akaunti yako. Usiruhusu kampuni ya meli iachilie mzigo kwa teleksi, yaani kwa ujumbe tu bila BL halisi, kabla hela haijasoma, hata akikutumia picha ya mtoto wake hospitali. BL iandikwe kwa amri yako au ya benki, isiandikwe moja kwa moja jina la mnunuzi. Ukiweza, uza CFR (bei yenye nauli ya meli ndani) au CIF (nauli pamoja na bima) ili wewe ndiye uchague meli na BL itoke kwa kampuni ya meli yenyewe. Ukiuza FOB, yaani bei inaishia mzigo ukipanda meli na nauli ni yake, mnunuzi ndiye anayeteua wakala wa meli, na kuna mawakala wanaotoa karatasi zao wenyewe kisha wanaachia mzigo kwa mteja wao bila kusubiri BL halisi.

Kipengele cha mgogoro usikiache wazi. Hukumu ya mahakama yako ya nyumbani ni ngumu kuitekeleza China. Uamuzi wa usuluhishi una njia, kwa sababu China ilijiunga na Mkataba wa New York mwaka 1987. Wanunuzi wengi wanakubali CIETAC, chombo chao cha usuluhishi wa biashara za kimataifa. Weka jina la Kichina la mnunuzi kwenye kipengele hicho, na mkataba ukiwa wa lugha mbili uandike ni lugha ipi itashinda zikitofautiana. Mara nyingi zinatofautiana, na Kichina ndicho chenye maneno mengi zaidi.

Mdau wa sita

Wakuu, mimi nashukuru lakini nimechelewa, napakia Alhamisi. Mkataba umeshasainiwa, unasema unyevu asilimia 6 na hausemi nani anapima. Nifanye nini ndani ya siku tatu?

Mleta uzi

Hujachelewa, mlango bado uko wazi. Leo mwandikie mnunuzi barua pepe fupi: "Mkaguzi huru atachukua sampuli Alhamisi wakati wa kupakia, ripoti yake itahesabika kwa uzito na ubora, tafadhali thibitisha." Akithibitisha, umepata nyongeza ya mkataba. Akikataa, umemjua mapema.

Kisha nenda kwenye kontena lenyewe. Ingia ndani, wakufungie milango, utazame juu. Ukiona mwanga unapenya hata kama tundu la sindano, rudisha. Gusa sakafu kwa kiganja, ikiwa na ubaridi wa maji usipakie. Tandika karatasi nzito ukutani na sakafuni, ning'iniza mifuko ya kufyonza unyevu, maana mchana chuma kinapata joto na usiku kinapoa, maji yanajikusanya kwenye dari na kudondokea magunia ya juu. Nimewahi kuona gunia la juu limeota ukungu wakati la chini yake liko kama lilivyotoka shambani. Kama kuna mbao yoyote ya kushikilia mzigo, iwe na mhuri wa ISPM 15, ile alama ya kimataifa ya mbao iliyotibiwa dhidi ya wadudu. Wakati wa kupakia piga picha kila baada ya safu tano, gunia likiwa na alama inayosomeka, na ya mwisho iwe mlango umefungwa na namba ya sili inaonekana.

Na angalia kalenda. Kama meli yako inafika karibu na mwaka mpya wa Kichina, au wiki ya kwanza ya Oktoba, ofisi nyingi zitakuwa zimefungwa huku storeji inahesabu. Omba siku za bure za kontena ziongezwe kabla hujalipia nafasi ya meli.

Mdau wa sita

Nimemwandikia. Amejibu "OK, send me the inspection company name". Mkaguzi nimempigia, anakuja Alhamisi saa mbili asubuhi na mifuko mitatu na sili zake.